Aliyelishwa Akageuka Kulisha: Maisha ya Bibi Audrey Hepburn



Kila tunapokutana kusali, twasema ombi la nne la Sala ya Bwana, tukimwomba Baba atupe riziki ya siku. Ni ombi fupi, na midomo yetu imelizoea, hata pengine twalipita kama mtu apitavyo mbele ya nyumba yake mwenyewe asiitazame. Sisi tukaao Kamanga na pwani hizi za ziwa tumekuwa na sababu ya kulizoea. Asubuhi kivuko kiendapo Mwanza, gatini huonekana vikapu vya dagaa, mihogo, viazi na mikungu ya ndizi, na mtoto aliyeshiba huona ya kuwa dunia imekuwa hivyo siku zote. Lakini wazee wanajua kwa nini mama zao walivikata viazi na kuvianika juani, wakaweka michembe na matobolwa ghalani. Walifanya hivyo kwa kuwa waliijua njaa. Mtu aliyeijua njaa huweka akiba. Mtu asiyeijua hulicheka ghala la jirani yake.

Mwezi huu tutajifunza habari za mwanamke mmoja aliyeijua njaa akiwa mtoto, kisha akapata sifa katika dunia nzima, na mwisho akawarudia wenye njaa. Hakuwa mwinjilisti, wala muuguzi, wala mke wa mchungaji. Alikuwa mchezaji wa sinema, au kama tusemavyo siku hizi, mwigizaji. Jina lake Audrey Hepburn. Wako watakaouliza, “Mchezaji wa sinema ana nini cha kutufundisha kanisani?” Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya kumaliza. Kwanza na tusikie habari zake. Anayesoma pamoja na darasa lake afungue Biblia mahali patatu: Kumbukumbu la Torati 10:17–19, Isaya 58:6–10, na Mathayo 25:31–46.

1. Utoto wake

Audrey alizaliwa tarehe 4 Mei 1929 huko Ixelles, karibu na mji wa Brussels, katika nchi ya Ubelgiji. Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa Mholanzi wa ukoo mkubwa. Baba yake, Joseph Ruston, alikuwa raia wa Uingereza. Kwa macho ya watu ilikuwa nyumba ya kutamanika. Lakini mwaka 1935, mtoto alipokuwa na miaka sita, baba akaiacha nyumba yake akaenda zake. Audrey alipokuwa mtu mzima alisema ya kuwa jambo lile lilimjeruhi moyo kuliko yote yaliyompata. Tena tusifiche jambo jingine: wakati ule wazazi wote wawili walikuwa miongoni mwa watu walioshangilia siasa za Kifashisti huko Ulaya, wasijue, au wasitake kujua, mwisho wake utakuwa nini. Mara nyingi watu hushangilia moto ungali mbali, na watoto wao ndio wanaoungua.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Audrey alikuwa shuleni Uingereza. Mama yake akamchukua upesi, akampeleka mji wa Arnhem katika nchi ya Uholanzi. Alifikiri ya kuwa Uholanzi haitaingia vitani, kwa kuwa katika vita vya kwanza vya 1914 hadi 1918 nchi ile iliachwa salama. Hata tarehe 10 Mei 1940, majeshi ya Wajerumani wakaingia Uholanzi, na baada ya siku chache nchi yote ikawa mikononi mwao. Mama akambadilisha binti jina, akamwita Edda, kwa maana jina la Kiingereza lingeweza kumletea hatari.

Mwezi wa Agosti 1942 mume wa mama yake mkubwa alipigwa risasi pamoja na watu wengine wanne. Hawakuwa wametenda kosa walilopatilizwa. Walikamatwa kama rehani na kuuawa ili wengine waogope. Kaka yake mmoja alijificha, na mwingine akachukuliwa Ujerumani kufanya kazi kwa nguvu. Katika miaka ile msichana huyu alikuwa akijifunza kucheza ngoma ya Kizungu iitwayo baleti, na ustadi ule mdogo akautumia awezavyo. Usiku, katika nyumba zilizofunikwa madirisha, alicheza mbele ya watu wachache, na fedha zilizokusanywa zikapelekwa kuwasaidia waliokuwa wakimpinga adui kwa siri. Mchezo ulipokwisha watu hawakupiga makofi, wasije wakasikiwa njiani. Basi kazi yake ya kwanza ya kusaidia ilianza alipokuwa mtoto, tena kwa kile kipawa ambacho wengine wangekiita mchezo tu.

2. Njaa katika nchi ya maziwa

Mwezi wa Septemba 1944 askari wa Uingereza na wenzao walishuka kwa miavuli karibu na Arnhem, wakitumaini kulishika daraja la mto Rhine. Wakapigana siku nyingi, wakashindwa. Ndipo Wajerumani wakawaamuru watu wote wa Arnhem, wapata laki moja, watoke katika mji wao. Wakatoka na mikokoteni, na vitoto, na wazee, na wagonjwa, pasipo kujua watalala wapi. Audrey na jamaa zake walikuwa wakikaa Velp, mji mdogo ulio jirani, nao wakaona kwa macho yao watu wakipita bila mwisho, na nyumba za Velp zikajaa wakimbizi. Mwenye nyumba leo alikuwa mtu asiye na makao kesho.

Baada ya hayo ikaja njaa. Serikali ya Uholanzi, iliyokuwa imekimbilia London, iliwaomba wafanyakazi wa reli waache kazi ili kuzuia mambo ya adui. Wajerumani wakajibu kwa kuzuia vyakula visipelekwe katika miji ya magharibi. Zuio lilipolegezwa, baridi ilikuwa imekwisha kuja, maji ya mifereji yakaganda, na mashua zisipite. Katika majira yale ya baridi ya 1944 na 1945, ambayo Waholanzi wayaita majira ya njaa, watu wapata elfu ishirini walikufa. Fikirini, ndugu: nchi ile ni nchi ya ng'ombe, ya siagi na jibini. Haikukosa mvua, wala nzige hawakuja. Chakula kilikuwako, lakini njia ya chakula ilifungwa na watu.

Huko Velp nako chakula kilikwisha. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu, wakavisaga kuwa unga. Audrey alidhoofika sana. Damu ikapungua, ngozi ikageuka manjano, miguu ikavimba kwa maji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, umri ambao mtoto anahitaji chakula kuliko wakati mwingine.

Mwezi wa Aprili 1945 Velp ikafunguliwa. Likafika na shirika la mataifa lililoitwa UNRRA, ambalo liliwekwa mwaka 1943 kuwasaidia watu walioharibiwa na vita. Shule zikageuzwa kuwa ghala za mablanketi, nguo, dawa na chakula. Audrey alisimulia baadaye ya kuwa alitia sukari nyingi mno katika uji wake, akaula wote, kisha akaugua. Jambo hili ni dogo, lakini mwalimu na alikumbuke, kwa maana linatufundisha: mtu aliyekaa na njaa siku nyingi mwili wake umesahau kula, na akishibishwa ghafula aweza kuugua sana, hata kufa. Sharti alishwe kidogo kidogo, tena chini ya macho ya mganga wa hospitali. Hata huruma yahitaji maarifa.

Mwaka 1946, tarehe 11 Desemba, Umoja wa Mataifa uliweka shirika jingine kwa ajili ya watoto wa nchi zilizopigwa na vita, nalo likarithi sehemu ya kazi ya UNRRA. Shirika hilo ndilo UNICEF, ambalo hata leo gari zake zafahamika katika nchi zetu.

3. Sifa ya dunia

Vita vilipokwisha, Audrey akaenda London mwaka 1948 kuendelea na baleti. Lakini mwalimu wake alimwambia wazi ya kuwa hatafika daraja la juu: alikuwa mrefu, na ile njaa ilikuwa imeudhoofisha mwili wake. Basi mlango aliokuwa akiubisha tangu utoto ukafungwa. Akatafuta riziki kwa kucheza katika majumba ya michezo, kisha katika sinema. Mwaka 1951 alicheza New York katika mchezo uitwao Gigi. Mwaka 1953 ilitoka sinema iitwayo Roman Holiday, na mwaka 1954 akapewa tuzo ya Oscar, iliyo kubwa kuliko zote katika kazi ile huko Marekani. Kutoka siku hiyo uso wake ulijulikana kila mahali.

Mwaka 1958 akaja Afrika mara ya kwanza. Sinema iitwayo The Nun's Story, iliyoonyeshwa mwaka 1959, ilihusu mtawa wa Kibelgiji aliyeuguza wagonjwa katika Kongo, nayo sehemu yake ilitengenezwa Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, na huko Yakusu penye misheni ya Wabaptisti iliyohudumia wenye ukoma. Audrey alivaa vazi la mtawa, akashika dawa, akainama juu ya vitanda. Lakini yote yalikuwa mchezo. Taa zilipozimwa, alivua vazi. Miaka thelathini ikapita kabla hajainama juu ya kitanda cha mtoto wa Afrika bila vazi la mchezo.

Katika miaka ile ya katikati alikaa zaidi Uswisi, katika kijiji cha Tolochenaz, akawalea wanawe wawili. Kazi ya sinema akaipunguza sana kwa ajili yao. Aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili zikavunjika. Twasema hayo si kwa kumhukumu, bali kwa kuwa mafundisho ya kweli hayahitaji kumfanya mtu kuwa malaika.

4. Anarudi kwa wenye njaa

Mwezi wa Machi 1988, akikaribia miaka hamsini na tisa, Audrey alikubali kuwa balozi wa UNICEF. Mshahara wake ulikuwa dola moja kwa mwaka. Angeweza kukubali heshima ile na kukaa bustanini kwake Tolochenaz, akitia sahihi barua. Lakini aliomba apelekwe, na mahali pa kwanza palikuwa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Ethiopia ilikuwa imepatwa na njaa kuu mwaka 1984 na 1985, na watu kwa mamia ya maelfu walikufa. Mvua ikakosa tena mwaka 1987, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiendelea huko kaskazini. Audrey akafika Mekele, mji wa Tigray, akaingia nyumba ya yatima waliokuwamo watoto mia tano wenye njaa. Aliporudi Ulaya na Marekani akanena habari za watoto wale kila mahali alipopewa nafasi, siku baada ya siku, katika magazeti, redio na televisheni. Wala hakuomba chakula tu. Alihimiza ya kuwa watu wale wapewe na vyombo vya kuchimbia visima, ili wajisaidie wenyewe.

Mtu aweza kuuliza, “Mwanamke mmoja atawapikia watoto mia tano?” La, hawezi. Lakini tufahamu namna kazi yake ilivyokuwa. Waandishi wa magazeti hawaendi upesi kumtazama mtoto asiyejulikana katika mji wa mbali. Lakini mchezaji wa sinema akienda, wao humfuata. Walikuja kumtazama yeye, naye akawaonyesha mtoto. Uso uliopata sifa kwa ajili ya michezo ukawa kama mlango, na watu waliokuwa hawaonekani wakaonekana kwa mlango ule. Tena hakwenda kunena maneno matupu. Alijua lugha nyingi, Kiingereza, Kiholanzi, Kifaransa, Kiitalia na nyinginezo, na hivi aliweza kusema na watu wa nchi mbalimbali kwa lugha zao.

Mwezi wa Aprili 1989 alinena mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyoshughulikia mambo ya njaa. Mwezi ule ule alikwenda Sudani. Huko serikali na waasi wa kusini walikuwa wakipigana, na chakula hakikuweza kupita. Ndipo Umoja wa Mataifa ukapatana na pande zote mbili ili njia za chakula zifunguliwe. Audrey aliyaona hayo akakumbuka, bila shaka, mifereji na reli za Uholanzi. Neno alilolitoa baada ya safari ile ndilo kiini cha somo letu: alisema ya kuwa maafa yale hayakuletwa na maumbile ya nchi, bali yaliletwa na watu, na dawa yake nayo i mikononi mwa watu, nayo ni amani.

Alisafiri pia kwingineko: Amerika ya Kusini na ya Kati, Bangladesh, Vietnam. Mwezi wa Septemba 1992 akaja Somalia. Serikali ya nchi ile ilikuwa imeanguka mwezi wa Januari 1991. Koo zikapigana, mashamba yakaachwa, maghala yakanyang'anywa, na mvua nayo ikakosa. Inakadiriwa ya kuwa zaidi ya watu laki mbili walikufa. Audrey alifika Kismayu na Baidoa. Huko Baidoa aliona maiti za watoto zikipakiwa katika gari. Kilichomshtusha zaidi kilikuwa ukimya. Penye watoto wengi hutazamiwa kelele; lakini mtoto aliyekwisha kuzidiwa na njaa halii tena. Ndugu mwalimu, likumbuke neno hilo: mwenye njaa sana si yule apigaye kelele mlangoni, ni yule aliyenyamaza.

Aliporudi alinena tena na waandishi, ingawa mwili wake ulikuwa umechoka na tumbo likimwuma. Mwezi wa Novemba 1992 waganga wa Los Angeles wakaona ya kuwa ana saratani tumboni. Mwezi wa Desemba Rais George Bush wa Marekani akampa nishani iliyo kuu kwa raia. Tarehe 20 Januari 1993 akafa nyumbani kwake Tolochenaz, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu. Maziko yake yaliongozwa katika kanisa la kijiji na mchungaji yule yule aliyembariki katika ndoa yake ya kwanza mwaka 1954 na kumbatiza mwanawe mwaka 1960.

5. Tunajifunza nini?

Jambo la kwanza ni hili: njaa nyingi ni kazi ya mikono ya watu. Dokta Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipolieleza ombi la nne hakuhesabu chakula na kinywaji tu. Alihesabu pia mavazi, nyumba, shamba na mifugo, serikali njema, hali njema ya hewa, amani, na majirani waaminifu. Kwa nini Luther aliiweka nyumba pamoja na mkate, na amani pamoja na mvua? Kwa sababu alijua ya kuwa mambo hayo huenda pamoja. Waliofukuzwa Arnhem walikosa nyumba kwanza, kisha wakakosa chakula. Mji wa Mekele nao, baada ya miaka mingi, uliingia tena katika vita tangu 2020 hata 2022, na njaa ikafuata vita kama kivuli. Basi aombaye riziki yake aombe na amani; tena aombaye amani asiwe mchochezi wa ugomvi kijijini kwake, wala asimshangilie mchochezi kwa kuwa moto ungali mbali.

La pili: kukumbuka ni wajibu. Katika Kumbukumbu la Torati Mungu anawaagiza Waisraeli wampende mgeni, na sababu anayowapa ni ya kwamba wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Hakuwaambia wamhurumie mgeni kwa kuwa wao ni wema, aliwaambia wakumbuke. Audrey Hepburn angeweza kuisahau njaa yake. Watu wengi wakipata mali huwa kama waliozaliwa nayo. Yeye aliihesabu ile sahani ya uji wa mwaka 1945 kuwa ni deni. Na sisi je? Mwaka 1994 watu wapata laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, kwa muda wa siku moja hivi. Wakati ule Wakristo wa nchi nyingi walituma msaada, na Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi, iliyoanzishwa hapa kwetu mwaka 1964 kwa mkono wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia, ilikuwa kazini. Shirikisho lenyewe liliundwa Lund, Sweden, mwaka 1947, wakati Walutheri wa Ulaya wengi walipokuwa wenyewe hawana chakula wala makao. Waliolishwa ndio walioanza kulisha.

La tatu: tumpe sauti aliyenyamaza. Kitabu cha Mithali, sura ya 31, mstari wa 8, kinatuagiza kufungua kinywa kwa ajili yake asiyeweza kujisemea. Hatuna uso unaojulikana dunia nzima, lakini kila mmoja wetu anajulikana mahali fulani. Mzee wa usharika anasikiwa barazani. Mwalimu anasikiwa shuleni. Mwenye mashua anasikiwa na wavuvi wake. Mjane anapofukuzwa katika nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe, na ndugu za marehemu wanagawana mabati na ng'ombe, mara nyingi yeye hanyamazi kwa kukosa haki, bali kwa kukosa mtu wa kusimama naye. Je, sauti yako utamwazima, au utaiweka akiba kwa ajili ya mambo yako?

Sasa nalijibu lile swali la mwanzo. Je, yafaa Wakristo wajifunze kwa mchezaji wa sinema ambaye ndoa zake zilivunjika? Nasema yafaa, tusipochanganya mambo. Hatufundishi ya kuwa Audrey Hepburn alijinunulia mbingu kwa safari zake. Hakuna mtu anunuaye mbingu, wala yeye, wala mimi, wala mchungaji. Tunahesabiwa haki kwa neema, kwa imani, kwa ajili ya Kristo. Lakini Luther alitufundisha pia ya kuwa Mungu hana haja na matendo yetu mema, bali jirani yetu anayo haja nayo. Na katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya tano, alisema kwa ukali ya kuwa mtu amwonaye mwenye njaa asimlishe, amemwua. Maneno hayo hayakuandikwa kwa wachezaji wa sinema. Yaliandikwa kwa ajili yetu sisi tuliobatizwa. Tena tazameni katika Mathayo 25: walio upande wa kuume walishangaa, hawakujua ya kuwa walimlisha Bwana. Na walio upande wa kushoto nao walishangaa, kwa kuwa walidhani wanamjua. Mtu wa nje akitenda yale tuliyoagizwa sisi, haitufai kumchunguza yeye. Yafaa kujichunguza sisi.

6. Mambo ya kutenda

Wengi wetu twavuka ghuba kwenda Mwanza kwa biashara, kwa hospitali, au kuhudhuria ibada za mjini. Katika vibaraza vya maduka hulala watoto wasio na makao. Twawajua. Twawapita tukishika mifuko yetu kwa nguvu, nasi hatuwaulizi hata majina. Wengine wametoka katika vijiji vyetu wenyewe; wametoka kwa sababu ya fimbo, au ya mama wa kambo, au ya chungu kitupu. Haifai kumtupia mtoto sarafu na kujiona umetimiza Isaya 58. Muulize jina lake na kijiji chake. Peleka habari kwa mchungaji na kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Ikiwa ni mtoto wa usharika wako, nenda nyumbani kwao ukaulize kwa nini alitoka.

Katika usharika, wazee na waweke ghala ndogo ya mahindi, mihogo mikavu na michembe wakati wa mavuno, na kitabu cha hesabu kitunzwe na watu wawili, ili asiwepo wa kunung'unika. Katika miezi ya upungufu, mtembeleaji asingoje mwenye njaa aje kuomba. Aende katika nyumba zilizonyamaza. Na akimkuta mtoto aliyedhoofika sana, aliyevimba miguu au kugeuka rangi ya nywele, asimjaze ugali kwa huruma. Ampeleke zahanati siku ile ile, maana tumesikia ya kuwa mwili wa namna hiyo hulishwa kwa kipimo.

Maswali kwa darasa

1. Kwa nini njaa iliingia Uholanzi mwaka 1944, ingawa nchi ile ina ng'ombe wengi na mashamba mema?

2. Luther anahesabu vitu gani katika riziki ya kila siku? Ni vipi kati ya hivyo vinavyokosekana kijijini kwetu mwaka huu, na ni nani anayevizuia?

3. Ni nani aliyetulisha sisi, au wazee wetu, wakati wa njaa? Deni lile tumelilipa kwa nani?

4. Ni nyumba gani katika usharika wetu iliyonyamaza? Nani atakwenda kuitembelea juma hili?

Tuombe: Ee Baba, uliyetulisha tulipokuwa hatuwezi kujilisha, utuondolee usahaulifu. Ufungue njia za chakula zilizofungwa na watu, ukaanze na zile tulizozifunga sisi. Utupe amani katika nchi hizi, na makao kwa wasio nayo, na masikio ya kumsikia aliyenyamaza. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.